Stephen Hauser na Kisa cha Seli B

Stephen L. Hauser ni daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini Marekani, profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambaye karibu maisha yake yote ya kazi ameyatumia kuuchimba ugonjwa mmoja: maltipo sklerosisi, ambao madaktari na wagonjwa huuita kwa kifupi MS. Utafiti wake ndio uliofungua njia kwa dawa zinazozilenga seli B za damu, na mwaka 2025 ulimpatia Tuzo ya Breakthrough, pamoja na Alberto Ascherio wa Chuo Kikuu cha Harvard. Njia yenyewe haikunyooka. Hauser alipatia kuhusu seli ya kulaumiwa, akakosea kuhusu namna inavyoleta madhara.

Neva ya mwanadamu ina utando wa mafuta unaoifunika, mayelini, kama waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili huugeukia utando huo na kuula, ndani ya ubongo, katika uti wa mgongo na kwenye mishipa ya macho. Palipoliwa hubaki kovu gumu. Mfaransa Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliyaona makovu hayo alipopasua maiti za wagonjwa wake, na mwaka 1868 akaueleza ugonjwa huo kwa ukamilifu na kuupa jina linalotokana nayo. Mtu huamka asubuhi jicho moja limefifia, au mguu umekufa ganzi. Baada ya wiki kadhaa hupata nafuu, kisha ugonjwa humrudia kwa sura nyingine. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na aghalabu huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, wakati mtu ndiyo kwanza anajenga maisha. Mwaka 2020 wagonjwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 2.8.

Hauser alisoma MIT, akahitimu udaktari Harvard mwaka 1975, na baadaye akajifunza elimu ya kinga katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Akiwa bado daktari kijana jijini Boston, alimhudumia mwanamke ambaye naye alikuwa kijana, mwanasheria, aliyevamiwa na MS ya kasi isiyo ya kawaida: upande mmoja wa mwili ulipooza, sauti ikakatika, kumeza kukamshinda. Dawa ya kumpa haikuwapo. Mara nyingi Hauser amesema kwamba mgonjwa huyo ndiye aliyemfanya achague kazi ya maisha yake. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha jaribio la kuidhoofisha kinga nzima ya mwili kwa siklofosfamidi, dawa ya saratani. Baadhi ya wagonjwa walitengemaa kwa muda, lakini ilikuwa ni kuchoma shamba zima kwa sababu ya panya mmoja.

Na panya, kwa kweli, ndiye aliyewapoteza wataalamu. Kwa miongo kadhaa MS ilichunguzwa kwa kumtengenezea panya ugonjwa unaofanana nayo: anadungwa protini ya mayelini, kinga yake inachachamaa, miguu ya nyuma inalegea. Ikagundulika kwamba ukichukua seli T, aina nyingine ya seli za kinga, za panya mgonjwa ukampa mzima, naye anaugua. Hoja ikafungwa hapo. Seli T ndizo zenye hatia, na seli B, ambazo hutokeza kingamwili, zikaonekana kama watazamaji. Hauser hakuridhika, kwa sababu nyepesi: ubongo wa panya huyo ulivimba, lakini haukuwa na makovu mapana yaliyokula mayelini kama yale aliyoyaeleza Charcot.

Akamgeukia marmoseti, kima mdogo wa Brazil ambaye kwa ukubwa hampiti kindi. Marmoseti ana jambo la ajabu. Kwa kawaida huzaliwa pacha, na tumboni mapacha hao hushirikiana damu, hivi kwamba hadi ukubwani kila mmoja hubeba seli za mwenzake na kuzihesabu kuwa zake. Kwa mtafiti wa kinga hiyo ni bahati iliyoje! Seli T za ndugu mmoja zinaweza kutiwa kwa mwingine bila mwili kuzikataa. Pamoja na mtafiti mwenzake Claude Genain, Hauser alitumia kima hao kuutenganisha ugonjwa kipande kwa kipande. Seli T peke yake zilileta uvimbe, ila mayelini ilibaki karibu salama. Walipoongeza kingamwili zinazoishika protini moja iliyo juu ya mayelini, iitwayo MOG, utando ukaanza kuliwa, na chini ya hadubini vikaonekana vidonda vinavyofanana na vya binadamu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995. Mwaka 1999 kundi hilohilo, likishirikiana na mtafiti Cedric Raine, lilionyesha kingamwili za aina hiyo zikiwa zimeing'ang'ania mayelini iliyokuwa ikisambaratika katika ubongo wa watu waliokuwa na MS.

Kwa hiyo hoja ya Hauser ilikuwa hii: kingamwili ndizo zinazoharibu, seli B ndizo chanzo cha kingamwili, basi ondoa seli B. Dawa ya kuziondoa ilikuwa tayari sokoni. Rituximab iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi za limfu inayotokana na seli B. Alipoomba fedha za serikali ili aijaribu kwa wagonjwa wa MS, wakaguzi waliikataa hoja yake wakisema haina mashiko kibayolojia. Kampuni ya Genentech ndiyo iliyokubali kugharamia, nayo ikiwa na shaka.

Jaribio lilihusisha wagonjwa 104. Sitini na tisa walitundikiwa dripu ya rituximab mara mbili, siku ya kwanza na ya 15, miligramu 1,000 kila mara. 35 walitundikiwa dripu isiyo na dawa. Kisha picha za MRI za ubongo zikapigwa mara kwa mara. Kati ya wiki ya 12 na ya 24, waliopata dripu tupu walikuwa na wastani wa vidonda hai 5.5 kila mmoja. Waliopata dawa walikuwa na 0.5. Tofauti ya asilimia 91 si kitu kinachohitaji darubini kuonekana, na makala iliyotoka katika jarida la New England Journal of Medicine Februari 2008 iliwafanya waliokuwa wakikejeli waanze kuuliza maswali.

Swali gumu kuliko yote lilielekezwa kwa Hauser mwenyewe. Rituximab huua seli zenye alama iitwayo CD20, na seli zilizokomaa ambazo hasa ndizo zinazotengeneza kingamwili hazina alama hiyo. Wagonjwa walikuwa wamepata nafuu ilhali kiwango cha kingamwili katika damu yao kilikuwa karibu palepale! Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba seli B huzichochea seli T: huzionyesha vipande vya protini na kumwaga kemikali zinazozichokoza. Watetezi wa seli T hawakuwa wamepotoka kabisa. Walikuwa wamemwona askari, hawakumwona anayempa amri.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Ocrelizumab, dada ya rituximab iliyotengenezwa ifanane zaidi na kingamwili ya binadamu, ilipambanishwa na interferoni, dawa ya MS ya tangu zamani, katika majaribio mawili yenye jumla ya wagonjwa 1,656, ikapunguza mashambulizi mapya kwa takriban nusu. Ikaruhusiwa Marekani Machi 2017, ikiwa pia dawa ya kwanza kukubaliwa kwa aina ya MS inayozidi polepole tangu mwanzo bila vipindi vya nafuu. Kwa aina hiyo mafanikio ni madogo: hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 32.9 ya waliotumia dawa, dhidi ya 39.3 ya wasioitumia. Baadaye ocrelizumab ilijaribiwa kwa wagonjwa weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, makundi yaliyokuwa yakiachwa nje ya tafiti, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa washiriki. Mwaka 2020 ikafuata ofatumumab, ambayo mgonjwa hujidunga mwenyewe nyumbani mara moja kwa mwezi.

Kwa nini seli B? Hapa ndipo Ascherio anapoingia. Mwaka 2022 kundi lake lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Kati ya wagonjwa wa MS 801 waliokuwa na sampuli za damu, wote isipokuwa mmoja walikuwa wameambukizwa virusi vya Epstein-Barr, na maambukizi hayo yaliongeza hatari ya kuugua mara 32. Makazi ya kudumu ya virusi hivyo mwilini ni ndani ya seli B.

Virusi hivyo vilipatikana kwa njia iliyopitia Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe unaofura kwenye taya za watoto. Mtafiti Anthony Epstein alimsikia akihutubia London mwaka 1961, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kwa ndege. Siku moja ukungu uliigeuza ndege hadi Manchester. Sampuli ilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka, ya kutupwa. Epstein akayatazama kwanza kwa hadubini: uchafu ule ulikuwa seli hai zilizojitenga na kuelea. Kutokana na seli kama hizo, mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakavitangaza virusi hivyo.

Rituximab yenyewe haikusajiliwa kamwe na watengenezaji wake kwa ajili ya MS. Kampuni ilihamia kwenye ocrelizumab, iliyo mpya na ya bei kubwa. Madaktari wa Sweden waliendelea kuitumia rituximab hata hivyo, ikawa tegemeo kuu nchini mwao. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na dawa nyingine mbili, kladribini na glatirama. Nakala za rituximab zilizotengenezwa na kampuni nyingine tayari zilikuwa sokoni.