Poka ya limiti: Jinsi ya kusoma karata za mpinzani mwishoni

Kwenye poka ya limiti, kiwango cha dau kimepangwa. Hakuna kusukuma hela zote mezani ili kumtisha mwenzako. Ndiyo maana karata ya mwisho, inayoitwa riva, ni suala la hesabu kuliko ubabe.

Mfano

Tuseme watu wawili wako Ikungi, Singida, wanacheza Texas Hold'em kwa punje za alizeti badala ya hela. Mezani zimetoka mfalme wa kopa, 9 ya kopa, 7 ya pau, 4 ya uru, na mwisho 2 ya kopa.

Mchezaji wa kwanza ana ree na mfalme wa shupaza, yaani jozi ya wafalme. Mpinzani alikuwa anafuata tu kimyakimya. Ghafla, baada ya riva, anaweka dau.

1. Angalia bei

Mezani kulikuwa na punje 7, mpinzani kaongeza 1, zimekuwa 8. Kuona karata zake ni punje 1. Akishindwa anapoteza 1, akishinda anabeba 8. Kwa hiyo akishinda mara 1 kati ya 9, hajala hasara.

2. Orodhesha karata zake

Kopa 10 hazijaonekana, na zinaunda jozi 45 zinazompa mpinzani kopa tano. Lakini hakuna anayecheza zote. Tuseme huyu anacheza 24.

Upande wa pili kuna waliokosa: aliyeshika 10 na 8, au 8 na 6, alikuwa anasubiri mfululizo haukuja. Zikiwa za aina moja na si kopa, ni jozi 6. Hapo anapiga mkwara tu.

6 kati ya 30 ni mara 1 kati ya 5. Bei ilitaka 1 kati ya 9. Analipia.

3. Angalia mtu

Kama mpinzani hana tabia ya mkwara, na labda jozi 2 tu ndizo angethubutu, inakuwa 2 kati ya 26, yaani 1 kati ya 13. Hapo karata zinatupwa. Mpaka ni mikwara 3.

Kosa la wengi

Wengi wanalazimisha kujua karata mbili kamili za mpinzani. Haihitajiki. Kinachotakiwa ni kujua kundi lipi ni kubwa, na kwa kiasi gani.

Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya Cepheus, iliyofumbua poka ya limiti ya watu wawili kiasi kwamba binadamu hawezi kuizidi kwa muda mrefu. Nayo haioni karata za mtu. Inapima uwezekano tu.

Kumbuka: Tanzania, michezo ya kubahatisha ya hela hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Punje za alizeti zinatosha kujifunzia.