Kutoka Kariokor hadi Ngong: Uwanja wa Farasi kwa Jicho la Mfugaji wa Garissa

Ukishuka basi la Garissa pale Eastleigh, ukateremka kuelekea Kariokor, utafika kwenye barabara iitwayo Racecourse. Farasi humwoni. Utaona gereji, mikokoteni na moshi wa nyama choma. Jina limebaki kama alama ya moto kwenye paja la ngamia: aliyeichoma keshazikwa, lakini alama bado inasomeka. Pande hizo ndipo farasi wa Nairobi walipokuwa wakishindana, mpaka 1954 uwanja ulipohamia Barabara ya Ngong. Zimepita zaidi ya miongo 7, na Jockey Club of Kenya, chama kinachosimamia mbio hizo, bado kipo. Sisi wa kaskazini mashariki tumekiona kuwa cha wenyewe huko. Mimi nadhani tunalo dai letu ndani yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla farasi wa damu, yaani Thoroughbred, hawajaletwa kwa meli, waliokuwa wakikimbia Nairobi walikuwa vifarasi vya Kisomali na vya Kihabeshi, wafupi, wakavu, wenye kwato ngumu, walioshuka kutoka kaskazini. Hata Lord Delamere, ambaye jina lake halikosekani katika historia yoyote ya walowezi, aliingia nchini 1897 kwa njia ya Berbera, na misafara ya ngamia na Wasomali wake. Kisha wakaja farasi wa Kiingereza wenye vitabu vya nasaba, na mbio kubwa zikawa zao. Kaskazini ikafungwa. Northern Frontier District ilikuwa wilaya ya kuingia na kutoka kwa kibali, na mifugo yake ikazuiwa kwa karantini. Kifarasi cha Kisomali kikatoweka uwanjani bila hata kuagwa.

Tusisingizie sheria peke yake, kwani farasi ana maadui wengi hapa kwetu. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi. Punda huuvumilia, punda milia huubeba bila kuonyesha dalili, lakini farasi asiyechanjwa mara nyingi hufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Kuna mbung'o, ambaye mfugaji yeyote wa Ijara aliyewahi kusogeza ng'ombe karibu na msitu wa Boni anamjua. Ndiyo maana farasi wa mbio wakazalishwa nyanda za juu, kwenye baridi.

Uwanja wa zamani ulishuhudia mambo mengine yasiyo ya mchezo. Agosti 1914 walowezi walikusanyika pale na farasi wao kuunda East African Mounted Rifles, na Berkeley Cole akaongoza kikosi cha Wasomali kilichoitwa kwa jina lake, Cole's Scouts. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, ndio walioacha jina la Kariokor. Kwa hiyo mtaa mmoja una majina mawili: moja la waliopanda, moja la waliobeba.

Baada ya vita akatokea Beryl Markham, binti wa Clutterbuck wa Njoro, aliyepata leseni ya kufundisha farasi akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1926 farasi jike aliyemfundisha, Wise Child, mwenye miguu mibovu, alishinda Kenya St Leger. Dunia inamjua Markham kwa kuruka na ndege peke yake kuvuka Atlantiki 1936. Wa uwanjani wanamjua kwa farasi. Alirudi Kenya, akafundisha washindi wengine wengi, akafa Nairobi 1986.

Sasa twende uwanja wa Ngong wenyewe. Zamani Nakuru na Eldoret nako farasi walikimbia. Leo uwanja wa mbio uliobaki nchini ni huu mmoja. Katikati ya njia ya farasi kuna uwanja wa gofu, na penye nafasi hukodishwa kwa matamasha. Siku ya mbio ni Jumapili. Kabla ya kila mbio farasi huzungushwa polepole mbele ya watu, kila mmoja akiongozwa na saisi wake. Nilisimama karibu na uzio, nikamtazama saisi mmoja akimfuta farasi jasho la shingo kwa kiganja kitupu, huku akimnong'oneza kitu kwa Kikuyu. Mpandaji akapimwa uzito pamoja na tandiko. Alikuwa mwepesi mno, akaongezewa vipande vya risasi. Dakika chache baadaye farasi walipita mbele yetu kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na kilichofika kwanza si macho kuona bali kifua kutetemeka. Waliopanda wengi ni Wakenya weusi, baadhi yao wana wa masaisi. Mlowezi aliondoka na kofia yake. Mkono ulioshika kamba haukuondoka.

Kumiliki farasi wa mbio ni hasara inayovaa suti. Chakula, chanjo, viatu vya chuma, mshahara wa saisi, ada ya mfundishaji, kila mwezi, akimbie asikimbie. Zawadi hazirudishi gharama kwa wengi, ndiyo maana marafiki huchangia farasi mmoja. Sisi tusicheke. Mtu wa Garissa humpa jamaa yake ngamia wa maziwa akamue, watoto wakabaki wa mwenyewe. Tunajua kumiliki kwa pamoja. Mwenye kazi ngumu zaidi ni mzalishaji. Farasi jike hubeba mimba miezi 11, mtoto hungojewa miaka 2 au 3 ndipo ajulikane ni mbio au ni tumbo tu. Na kwa farasi wa damu mbegu ya chupa haikubaliki: lazima dume ampande jike. Nikiulizwa nani anaufilisi mchezo huu, sitamtaja mcheza kamari aliyehamia kwenye simu. Nitasema ni mzalishaji anayefunga shamba, kwa sababu wa kumrithi hayupo.

Kamari ndiyo iliyowaweka Waislamu wengi nje ya geti, na ni haki yao. Lakini tusichanganye. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi Madina, na akaruhusu zawadi katika mambo matatu: mshale, ngamia na farasi. Kilichokatazwa ni dau, si mbio.

Nasi tuna mnyama wetu. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 Kenya, na sehemu kubwa wapo Garissa, Wajir na Mandera. Ajabu ni kwamba mbio mashuhuri za ngamia nchini zilianzishwa Maralal, kwa Wasamburu, 1990, na safari yake ndefu ni kilomita 42. Ghuba nako ngamia wa mbio huuzwa kwa bei ya nyumba, ingawa tusisahau watoto waliofungwa migongoni mwao, mpaka 2005 Falme za Kiarabu zilipowakataza na roboti wadogo wakapandishwa badala yao.

Niliporudi Garissa nilimpelekea mjomba wangu karatasi ya mbio ya Ngong. Nilimkuta sokoni, mkono wake na wa dalali ukiwa chini ya shuka moja, wakivutana vidole kupanga bei ili wa pembeni wasijue. Alipomaliza, nikamsomea: jina la farasi, chini yake jina la baba, kisha la mama.

"Na bibi mzaa mama?" akauliza.

Nikamwambia hayupo kwenye karatasi, ila vitabu vyao vya nasaba vinamwandika.

"Mpwa wangu, ngamia tunamhesabu kwa mama. Baba ni mpita njia." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kufunua mdomo wa ngamia mwingine kutazama meno.