Mifupa ya kale yafichua mlo wa mababu

JUU ya kilima cha Museum Hill, hatua chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi ukielekea Westlands, Makumbusho ya Kitaifa yamehifadhi mifupa na meno ya viumbe walioishi kabla ya mwanadamu wa leo. Wengi huenda huko kutazama mafuvu. Wataalamu, kwa upande wao, huenda kuuliza swali la kawaida kabisa: walikula nini?

Jibu moja lilipatikana humo humo ndani ya hifadhi. Mnamo Julai 2017 Briana Pobiner, mtafiti kutoka Marekani, alikuwa akikagua mifupa ya Turkana kutafuta alama za meno ya wanyama wala nyama. Alipouchukua mfupa wa muundi wenye umri wa miaka milioni 1.45, uliookotwa na Mary Leakey mwaka 1970, aliona mikwaruzo iliyofanana na ya kisu cha mchinjaji. Nakala za alama hizo zilipelekwa kwa Michael Pante wa Chuo Kikuu cha Colorado State, akazilinganisha na alama 898 zilizokwisha kutengenezwa kwa majaribio. Kati ya alama 11, tisa zilikuwa za zana ya mawe na mbili za meno, pengine ya mnyama wa jamii ya simba.

Mikato hiyo iko mahali msuli wa shavu la mguu unaposhikana na mfupa, nayo yote imeelekea upande mmoja. Aliyekata alitaka mnofu. Hata hivyo, taarifa yao ya mwaka 2023 haikuthibitisha kwamba mtu alimla mtu, kwani haijulikani kama mkataji na mkatwaji walikuwa wa jamii moja. Wakati ule jamii zaidi ya moja za viumbe hao zilikuwa zikiishi kandokando ya Ziwa Turkana.

Miongoni mwao alikuwamo Paranthropus boisei, mwenye taya nene na magego makubwa ajabu. Kwa miaka mingi aliitwa mvunja njugu, ikidhaniwa kwamba alitafuna kokwa ngumu. Sifa hiyo ilitokana na sura yake tu! Mwaka 2011 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Thure Cerling, akiwemo Emma Mbua wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, lilipima aina za kaboni katika unga uliokwanguliwa kwenye meno ya viumbe 22 kati ya hao. Nyasi za nchi za joto, kundi moja na mahindi, mtama na miwa, huacha katika jino kaboni iliyo tofauti na ile ya matunda na majani ya miti. Ilibainika kwamba takriban asilimia 77 ya mlo wake ilitokana na nyasi na mimea ya jamii ya ndago na mafunjo. Alikula kama pundamilia kuliko kama sokwe.

Kisa cha kusikitisha zaidi ni cha mwanamke wa jamii ya Homo erectus, ambaye mifupa yake ilivumbuliwa na Kamoya Kimeu huko Koobi Fora mwaka 1973. Mifupa ya viungo vyake imefunikwa na tabaka la mfupa usio wa kawaida. Alan Walker na wenzake walieleza mwaka 1982 kwamba alizidiwa na vitamini A, huenda kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Baadaye Mark Skinner alipendekeza chanzo kingine: majana ya nyuki. Vyovyote iwavyo, ugonjwa huo haukumuua mara moja, na Walker aliona kwamba asingeishi muda huo bila mwenziwe kumletea maji na chakula.

Karibu zaidi na Nairobi, katika kilima cha Lukenya upande wa Machakos, ukoga uliogandamana kwenye meno ya wafugaji wa miaka 3,600 hadi 3,200 iliyopita ulikutwa na protini za maziwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. La ajabu ni kwamba wafugaji wengi wa kale wa Afrika Mashariki waliochunguzwa vinasaba hawakuwa na chembe inayomwezesha mtu mzima kusaga sukari ya maziwa tumboni. Huenda waliyagandisha kwanza, kama wafanyavyo Wakalenjin na mursik, kwa kuwa uchachu hupunguza sukari hiyo.