Nani Mwenye Ufunguo wa Kitabu cha Mnyampala?

Mwaka 1954 shirika la East African Literature Bureau la Nairobi lilitoa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Aliyekiandika ni Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ambaye katika maisha yake alikuwa karani, liwali, hakimu, na juu ya yote hayo mshairi. Waliosoma shule zamani wanamkumbuka kwa ngonjera, maana ndiye aliyezipa nguvu na jina katika siku za UKUTA. Lakini kwetu sisi wa Ugogo, hata tusioweza kughani beti mbili, kazi yake kubwa ni hicho kitabu cha 1954.

Miaka 41 baadaye, yaani 1995, kitabu kikatoka tena, safari hii Marekani na kwa Kiingereza, kimefasiriwa na mwanahistoria Gregory Maddox. Ni kazi njema na simlaumu mtu. Ila tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Mgogo wa Msalato mwenye kadi ya benki na Kiingereza cha kutosha anaweza kuagiza habari za babu zake kutoka ng'ambo. Kile cha Kiswahili, ambacho hao babu ndio walioandikiwa, mimi sijapata kukikuta katika duka lolote la vitabu hapa Dodoma. Nilichonacho ni kopi iliyotolewa kutoka kopi nyingine, herufi zimefifia kama nyayo baada ya mvua, na kurasa kadhaa hazimo.

Sasa swali langu ni hili: kwa nini kitabu kama hicho kisipigwe picha, kikawekwa kwenye intaneti, kila mwenye simu akakisoma? Jibu ninalopewa kila mara ni neno moja, hakimiliki. Basi nimeona tuitazame hiyo hakimiliki ilikotoka.

Sheria ya kwanza ya namna hii ilitungwa Uingereza mwaka 1710. Ilimpa mwandishi miaka 14 ya kunufaika na kitabu chake peke yake, na kama miaka hiyo ikiisha angali hai, mingine 14. Baada ya hapo kitabu ni cha wote. Tupige hesabu kwa kipimo hicho. Kitabu cha Mnyampala cha 1954 kingefikisha miaka 14 mwaka 1968. Mwenyewe alikuwa bado hai, basi angeongezewa hadi 1982. Toka hapo shule yoyote ya Dodoma ingekuwa na ruhusa ya kukichapa kwa mashine yake ya stensili. Lakini sisi hatukurithi sheria ya 1710. Tulirithi ile ya Waingereza ya 1911, iliyohesabu miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Baada ya Uhuru tukatunga yetu ya 1966, halafu mwaka 1994 Tanzania ikajiunga na Mkataba wa Berne, na mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo nayo iliweka maisha ya mwandishi na miaka 50 juu yake. Wakubwa wenzetu walikuwa wamekwisha songa mbele: Ulaya 1993 na Marekani 1998 walifikisha miaka 70 baada ya kifo. Nani hapo anayelindwa? Maana marehemu hali ugali.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Kwa hesabu ya sheria yetu ya 1999, miaka 50 ilitimia 2019. Kwa hiyo tangu Januari 2020 kitabu kile, kwa haki kabisa, si mali ya kufungiwa na mtu hapa Tanzania. Nimewaeleza hivyo watu kadhaa na wote wamenitazama kana kwamba nawauzia kiwanja cha mtu. Kijana mmoja wa steshenari mjini, nilipomwomba aniskanie hizo kurasa zangu ziingie kwenye simu, alinirudishia. "Kaka, vitabu siskani. Utaniletea kesi." Kuniongezea kopi nyingine ya karatasi alikubali bila neno. Kwake yeye karatasi ni karatasi tu, bali simu ina polisi ndani yake.

Simcheki, ana sababu. Sheria ya 1999 ilipotungwa ilisema kwamba mwenye kuvunja hakimiliki kwa ajili ya biashara, kwa kosa la kwanza, atatozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 24 kinamhusu anayetumia kompyuta kuvunja haki hizo, na mtu asiyefanya biashara yoyote, hata ya senti moja, kimemwekea faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Soma tena taratibu. Ile adhabu iliyokuwa dari kwa mfanyabiashara wa 1999 imekuwa sakafu kwa mwanafunzi wa 2015. Hakimu akimhurumia mtoto wa watu aliyewatumia wenzake kitabu cha kidato cha nne kwa WhatsApp, ataishusha faini wapi, na sakafu imekwisha mwagwa zege?

Na hebu tuseme kijana huyo ni mwungwana, anataka ruhusa kwanza. Tuseme ni mwaka 2015, miaka 50 haijatimia. Atabisha mlango gani? Bureau iliyochapa kitabu ilianzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, ikaja kuwa chini ya Jumuiya, na Jumuiya ilipovunjika 1977 shughuli zake Nairobi zikawa za Kenya Literature Bureau. Sasa kitabu cha Wagogo, kilichochapwa Kenya na shirika la Jumuiya iliyokufa, haki yake ilibaki kwa nani? Kwa familia, Nairobi, Dodoma, au kwenye kabati la hati lililopigwa kufuli mwaka ule ule wa 1977? Wataalamu huviita vitabu vya namna hii yatima. Mimi naona yatima angalau huchukuliwa na shangazi. Hivi havichukuliwi, kwa sababu anayevigusa anaitwa mwizi na asiyevigusa hadaiwi kitu.

Kwa nini jambo hili linanikera hivi? Ninaandika riwaya. Ni mwaka wa pili sasa, na habari yake ni Mtunya.

Wasiotoka huku labda hawaijui. Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Vita Kuu ilikuwa imepita juu ya nchi, kwanza jeshi la Wajerumani kisha la Waingereza, na kila lililopita lilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame ulipokuja haukukuta akiba. Mnyampala alizaliwa mwaka ule ule njaa ilipoanza, na nadhani mtu aliyepona Mtunya akiwa kifuani mwa mama hawezi kuandika historia ya watu wake kwa mkono mwepesi. Huyo huyo Maddox aliyefasiri kitabu chake alichapa makala juu ya Mtunya katika jarida moja la wanazuoni mwaka 1990. Humo anasema katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000.

Hesabu hiyo nimeitoa kwenye muhtasari, maana muhtasari hutolewa bure. Nilipotaka kuendelea, mlango niliobisha ulidai kadi ya benki au jina la chuo, nami elimu yangu imeishia sekondari. Kwa hiyo mimi mjukuu nimeonyeshwa idadi ya maiti, kisha nikafungiwa habari za jinsi walivyokufa. Wazee walioiona njaa ile kwa macho yao wamekwisha zikwa wote, hakuna wa kumwendea na kigoda nikamwuliza upya. Jamani, hapo hakimiliki inamlinda nani asiibiwe nini?

Wapo waliouliza swali hilo kabla yangu na likawagharimu. Mmarekani Aaron Swartz, kijana hodari wa kompyuta, alikamatwa Januari 2011 baada ya kupakua mamilioni ya makala za kitaaluma kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Hakuziuza. Waendesha mashtaka wa serikali walimwekea makosa yenye vifungo vya makumi ya miaka, na Januari 2013, kabla ya kesi kusikilizwa, alijinyonga akiwa na miaka 26. Ningependa kumwonyesha habari hiyo kila anayesema kwamba sheria kali haina madhara kwa mtu mwema.

Maktaba kubwa nazo zimeonja. Google walianza mwaka 2004 kupiga picha vitabu vya maktaba za vyuo vikuu, wakashtakiwa 2005, wakashinda kwenye rufaa 2015, lakini ushindi wenyewe ulikuwa wa kumwonyesha msomaji vipande vya mistari michache tu kwa kitabu kilicho ndani ya hakimiliki. HathiTrust, maktaba ya pamoja ya vyuo vya Marekani tangu 2008, ina vitabu vingi vya zamani vilivyochapwa nje ya Marekani ambavyo aliye ndani ya Marekani husoma kurasa zote, na aliye nje huambiwa haviruhusiwi alipo. Kitabu kimoja, kwenye rafu moja isiyoshikika, lakini kwa mtu wa Chicago ni mali ya umma na kwa mtu wa Msalato ni mali ya mtu. Tena hakuna mwenye kitabu aliyelalamika. Mashine hufunga kwanza, na kuuliza huja baadaye au hakuji. Internet Archive, iliyokuwa ikiazimisha vitabu ilivyopiga picha, ilishtakiwa na wachapaji wakubwa wanne mwaka 2020, ikashindwa 2023 na tena kwenye rufaa 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa kwenye uazimaji.

Najua kuna atakayeniambia: wewe unataka kuwa mwandishi, kesho riwaya yako ikitoka na watu wakaisambaza bure utacheka? La, sitacheka. Wanamuziki wetu wa zamani walitajirisha wenye mashine za kurekodi kanda huku wenyewe wakipanda daladala, na Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kwa kuwa soko lao liliwaka moto wakiliona. Anayenyonya jasho la mtunzi aliye hai na kazi yake iko dukani, COSOTA wamfuate hata akimbilie Kondoa. Sigombani na hilo hata kidogo. Ninachogombana nacho ni sheria isiyouliza kama duka lipo. Kama hakuna anayekichapa kitabu, hakuna anayekiuza, na mwenyewe hajulikani alipo, aliyekinakili amempokonya nani shilingi? Mtu huyo na yule wa kanda za Kariakoo wanasimamishwa kizimba kimoja na kusomewa kifungu kimoja.

Pale ambapo dunia imetaka kulegeza, imeweza. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu au vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona pasipo kumsubiri mwenye haki, na Tanzania ilijiunga 2020. Hapo Buigiri, kilomita chache tu kutoka Ihumwa kwa Mnyampala, ipo shule ya wasioona. Sijasikia mwandishi yeyote aliyefilisika kwa sababu ya Marrakesh.

Kuna jingine dogo ambalo kwa mtunzi wa riwaya si dogo. Sheria ya 1999 ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi, na mwenye kutaka kuchapa ngano na nyimbo za jadi kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa apate kibali cha Baraza la Sanaa. Nia ilikuwa kuwazuia wageni wasituchume, na nia hiyo ni njema. Lakini ngano za bibi yangu zitaombewa kibali na mimi niliyezisikia nikiwa nimelala mapajani mwake? Mfano wa kimataifa wa 1982 wa sheria za aina hii ulimwachia mlango mtunzi anayeazima ili aumbe kazi yake mwenyewe, na mimi nitapita hapo hapo. Mnyampala naye aliyapata wapi aliyoyaandika, kama si kwa wazee? Hakuna karatasi ya 1954 iliyowataja wazee hao kuwa wenye haki. Walisimulia, yeye akaandika, Nairobi wakachapa, Marekani wakafasiri. Katika mlolongo wote huo, kunakili kulikuwa halali mpaka zamu yetu ilipofika.

Riwaya sijaisimamisha. Sura ya nne iko Mtunya mwaka wa pili, mahali ambapo kopi yangu ya Mnyampala imeruka kurasa, na ninahitaji kujua ukoo mmoja ulihamia wapi kabla sijawatembeza watu wangu huko. Kama kuna msomaji wa jarida hili, awe Mpwapwa, Manyoni, Kongwa au popote, mwenye kitabu kizima cha 1954 nyumbani, namwomba aniandikie kupitia kwa mhariri. Si lazima akitoe nje. Nitakuja na daftari na kalamu.