Kadi Moja, Mabenchi Kumi

Historia ya picha za kulipia katika Korogwe na Handeni haianzii kwenye dishi. Inaanzia Vugiri, mlimani juu ya Korogwe, palipokuwa makao ya jaribio la filamu la miaka ya 1935 hadi 1937 lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wake mmoja, Notcutt, aliwahi kuendesha mashamba makubwa Afrika Mashariki, na huko ndiko alikopata wazo kwamba sinema ingewatuliza vibarua. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Mkanda wenyewe haukuwa na sauti, kwa hiyo maelezo yalitoka kwenye santuri iliyochezwa pembeni. Lori lilibeba mitambo, kitambaa kikatandazwa, watu wakajaa. Nia ilikuwa ya kikoloni, hilo halina ubishi, lakini utaratibu wake ulijenga mazoea: picha ni jambo la mkusanyiko, na mtazamaji ni umati.

Mazoea hayo yalipata muda mrefu wa kuota mizizi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Katika pengo hilo ndipo deki ya video ilipoingia mitaani, na baada yake kibanda umiza: mabati, mabenchi, giza, joto, kiingilio mlangoni, na baadaye sauti ya mtafsiri kama Lufufu ikimweleza mtazamaji kwa Kiswahili anachokiona. Televisheni ya kulipia ilipofika, na mpira wa Uingereza ndani yake, iliwakuta watu wameshazoea kutazama pamoja. Yenyewe ilikuja na hesabu nyingine: nyumba moja, king'amuzi kimoja, kadi moja, kifurushi kimoja. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa wizi wa matangazo katika miji yetu midogo ni mgongano wa hesabu hizi mbili, na ndiyo sababu mitambo ya kuukamata haijawahi kuumaliza.

Tazama jinsi ukaguzi unavyofanyika. Matangazo ya setilaiti hushuka yakiwa yamefungwa, na ufunguo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache. Kadi ndiyo inayoutoa. Kampuni huweza kuioanisha kadi na king'amuzi kimoja ili isifanye kazi kwingine, na hutuma amri angani ya kuizima. Lakini dishi hupokea tu, halijibu. Kadi ya nyumbani ikiwashwa sebuleni kwa watu watano au kibandani kwa watu mia, huko juu hakuna tofauti inayoonekana. Ndipo ikabuniwa alama ya utambulisho: katikati ya mechi, tarakimu kadhaa huibuka kwenye kona ya skrini kwa muda mfupi, kisha hutoweka. Mkaguzi aliyeketi benchi la nyuma huzinakili, na mwenye kadi hujulikana. Mbinu ya kisasa kabisa, basi, bado inamtegemea mtu aliyelipa kiingilio kama wengine.

Atakayepinga atasema kwamba mwenye kibanda si mlinzi wa mila bali mfanyabiashara, anayeuza alichonunua kwa matumizi ya nyumbani. Ni kweli, na sheria inamwelemea: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilidai vibali kabla dishi halijaonekana, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda matangazo yenyewe. Wala simtetei anayechota funguo za kadi moja na kuzisambaza kwa intaneti kwa malipo. Huyo hana mila ya kujifichia. Mpira pia hauji bure. Kampuni ya televisheni ya kulipia ya GTV ilinunua haki za Ligi Kuu ya Uingereza, ikaingia sokoni mwaka 2007 kwa bei nafuu, na mwanzoni mwa 2009 ikafilisika.

Hata hivyo, mpaka kati ya bure na malipo haukushuka mbinguni. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizuia kampuni za kulipia kubeba chaneli za ndani za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu. Picha ileile iliyoonekana kwenye king'amuzi jana ikazuiwa leo. Mpaka uliochorwa na watu unaweza kuchorwa vizuri zaidi: kifurushi cha kibanda, chenye bei inayolingana na idadi ya mabenchi, kingemfanya mwenye kibanda kuwa mteja anayejulikana badala ya mtuhumiwa anayenyemelewa. Zile tarakimu za kwenye skrini zinaieleza kampuni kadi ni ya nani. Hazielezi ni wangapi wanaitazama. Watu wa Vugiri, pamoja na makosa yao, hawakuhitaji tarakimu kulijua hilo. Waliusimamia umati wakiwa mbele yake.