Mali Bila Daftari: Nani Alituhifadhia Muyaka?

Utangulizi

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi hapa chuoni Muyaka ni nani, jibu analo mdomoni: malenga wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Jibu hilo limo katika madesa yetu yote, na kwenye mtihani linampatia mtu maksi zake. Sasa mwulize tena: habari hizi umezipata wapi? Atakutajia kitabu. Na mwenye kitabu naye alizipata wapi? Hapo, bwana, ni kimya.

Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo la mwisho. Tutaifuatilia safari ya tungo za Muyaka kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa hadi kwenye rafu za maktaba, tuone ni akina nani waliozitafuta habari, ni akina nani waliozitoa, na ni nini kilichopungua njiani. Dai letu ni kwamba namna wataalamu walivyotafuta na kupeana habari ndiyo iliyoiunda, kwa kiasi kikubwa, hii tunayoiita historia ya ushairi wa Kiswahili. Mhakiki asiyejua habari zake zimepita mikononi mwa nani hana kipimo cha kuzipimia.

Mwalimu na Mmisionari

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alitunga katika enzi ya utawala wa Wamazrui, wakati Mombasa ilipokuwa ikivutana na Lamu na kisha na Seyyid Said, ambaye hatimaye aliutwaa mji mwaka 1837. Katika mvutano huo shairi lilikuwa silaha. Lilichokoza, lilijibu, lilitisha, na pengine lilificha. Likishatamkwa, wasikilizaji walilishika kwa moyo, wakaenda nalo. Hatukuachiwa diwani aliyoipanga mtunzi mwenyewe.

Miongo kadhaa baada ya kifo chake, alikuwepo Mombasa mwanachuoni mmoja, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Huyu ndiye aliyezikusanya tungo hizo kutoka kwa watu waliokuwa bado wakizikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1880 alifika William Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa na hamu kubwa ya Kiswahili cha wenyeji. Taylor akawa mwanafunzi, Sikujua akawa mwalimu. Mwalimu akafariki mwaka 1890. Mwaka uliofuata Taylor akachapisha London kitabu chake cha methali za Waswahili.

Hebu tutazame ni kitu gani hasa alichokitoa Sikujua. Maneno ya shairi peke yake hayatoshi. Tungo za Muyaka ni za mafumbo na za tukio: kulikuwa na mtu aliyesemwa, na kulikuwa na sababu ya kusemwa. Shairi linalotaja chombo baharini linaweza kuwa linausema mji mzima. Asiyejua ni nani aliyekuwa akijibiwa atabaki na chombo chake, tena atakiandikia kurasa kumi za fani na maudhui! Anayeshika ufunguo ni yule anayejua kisa. Kazi ya kueleza kisa ni kazi ya uhakiki, na kwa maana hiyo mhakiki wa kwanza wa Muyaka tunayemfahamu kwa jina ni Sikujua.

Taylor alifariki mwaka 1927. Karatasi zake alizitumia Mwingereza mwingine, William Hichens, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikatolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Msomaji ahesabu mwenyewe: tungo za Mombasa, zikaelezwa na Mmombasa, zikasafirishwa na mmisionari, zikahaririwa na Mwingereza, zikachapwa Afrika Kusini, miaka mia moja baada ya mtunzi kuondoka duniani. Karatasi zenyewe zimo London, katika maktaba ya SOAS. Mwaka 1979 ndipo Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipotoa uchunguzi wake mkubwa juu ya Muyaka, akimrudisha malenga huyo katika historia na jamii ya mji wake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila Taylor na Hichens huenda leo tusingekuwa na cha kusoma. Hilo hatulibishi. Lakini haki hiyohiyo anaidai pia Sikujua, na yeye katika insha zetu hatajwi kabisa.

Soko la Miswada Lamu

Kule Lamu mambo yalikwenda kwa namna nyingine kidogo. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri mno. Wataalamu wa Ulaya walimjia mmoja baada ya mwingine: Alice Werner kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha Hichens, aliyekuwa akiwasiliana naye kwa barua, kisha Ernst Dammann wa Ujerumani katika miaka ya 1930. Kijuma aliwaandikia tendi kwa mkono wake. Miswada hiyo ilikwenda London na Ujerumani, na kutokana nayo vitabu vikachapwa.

Hapa tunaona habari ikipatikana kwa agizo. Na mwenye kuandika kwa agizo humjua mteja wake. Kijuma hakuwa mashine ya kunakili, alikuwa msanii. Utenzi wa Fumo Liyongo unaosomwa mashuleni unahusishwa naye, nao mswada wake ni wa mwaka 1913. Je, yeye ni mnakili, mhariri au mtunzi? Hilo si swali dogo. Mwanafunzi anayeuchambua utenzi huo kana kwamba umeshuka moja kwa moja kutoka enzi za Liyongo anaweza kuwa anamchambua Kijuma bila kujua.

Msikitini, Sokoni, au Daftarini?

Sasa turudi kwenye lile jibu la madesa, kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini. Ushahidi wake ni upi? Ni kwamba maandishi mengi tuliyo nayo ya kabla yake ni ya dini. Mswada wa Utendi wa Tambuka, kwa mfano, una tarehe ya mwaka 1728. Lakini tujiulize: ni tungo za aina gani zilizokuwa zikinakiliwa? Utendi wa dini ulikuwa na msomaji aliyejua kuandika, ulisomwa katika hadhara, na kuunakili kulikuwa jambo la heri. Shairi la beti mbili la kumkejeli jirani nani alilinakili? Lilikaa mdomoni, na mdomo ulipofukiwa, nalo likafukiwa.

Zaidi ya hayo, nyimbo zinazohusishwa na Fumo Liyongo, za gungu na za kujigamba, si za msikitini hata kidogo, na mapokeo yanaziweka karne nyingi kabla ya Muyaka. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba soko lilikuwa na washairi wake siku zote, ila halikuwa na Sikujua wake. Tulichokiita mapinduzi ya ushairi huenda kwa sehemu ni mapinduzi ya daftari. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Hata huyo Muyaka tuliye naye ni nusu ya mazungumzo. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walitoa Mashairi ya Vita vya Kuduhu, wakizipanga tungo zilizorushiana maneno wakati wa vita hivyo vya Lamu na Mombasa. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba shairi lilikuwa na mwenziwe upande wa pili wa bahari. Diwani ya mtu mmoja humfanya malenga aonekane akisema peke yake; kumbe alikuwa akijibizana.

Hali Yetu Leo

Zipo juhudi za nyumbani. J.W.T. Allen alizunguka akikusanya miswada na kanda kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa Leiden mwaka 1970. Siku hizi sehemu ya miswada iliyoko London inasomeka kwa intaneti. Mwenye simu na vocha anaweza kuiona akiwa bwenini. Hili ni jambo la kushukuru sana.

Hata hivyo, picha ya mswada haisemi kisa. Kisa kinakaa kwa mtu, na watu hao wanatutoka. Kibaya zaidi, sisi wenyewe tumerithi tabia ileile tunayowalaumu nayo wageni. Tunakwenda uwanjani, tunamsikiliza bibi siku mbili, tunarudi na tasnifu imeandikwa "mzee mmoja alisema". Mzee mmoja yupi? Wa mji gani? Alisikia kwa nani? Taylor alikuja na meli kutoka mbali, lakini jina la Sikujua tunalo. Sisi tuliokuja na basi tumeshindwa nini?

Hitimisho

Kumtaja mtoa habari kunahesabiwa kuwa adabu njema tu. La hasha! Ni ushahidi. Jina, mji na tarehe ndivyo vinavyomwezesha msomaji wa kesho kujua kama maelezo ya fumbo yalitoka kwa mtu wa Mombasa au wa Lamu, kwa aliyeshinda au aliyeshindwa. Hatuna budi basi kufanya mambo matatu: tuandike nani alitupa habari na yeye alipewa na nani, isipokuwa mwenyewe akikataa kutajwa, tuulize kisa cha shairi kabla ya kuhesabu mizani, na tumrudishie mtoa habari nakala ya tulichokiandika, ili apate nafasi ya kutusahihisha angali hai. Hilo la tatu ndilo zito, kwa sababu Sikujua hakupata kuziona tungo alizozikusanya zikiwa vitabuni mwetu, na makosa tunayoyasoma humo hawezi tena kuyasahihisha mtu.