Jina kwenye kichupa si jina la kiwanda

Tuseme umenunuliwa boksi dogo la karatasi kutoka Marekani, limeandikwa RCA. Ndani kuna kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba kwa unene, chini kina pini 9 nyembamba, na ubavuni kimeandikwa tena RCA, halafu 12AX7. Wengi wataridhika hapo: RCA ni kampuni ya Marekani, boksi ni la RCA, mambo yamekwisha. Sasa kiinamishe kidogo kwenye mwanga. Karibu na pini kuna maandishi ya kijivu yaliyofifia, mistari miwili. Wa juu unasema I61. Wa chini unasema B4E3.

Basi kichupa hicho hakijawahi kuonja kiwanda cha Marekani. B ni Blackburn, mji wa Lancashire huko Uingereza, kwenye kiwanda cha Mullard. 4 ni mwaka unaoishia na 4, E ni mwezi wa tano, na 3 ni wiki ya tatu ya mwezi huo. I6 ni alama ya aina ya valvu, na ile 1 inayofuata ni toleo lake. RCA walichofanya ni kununua, kupiga chapa na kuuza. Na kwa wanaojitengenezea amplifaya nyumbani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama unalipa dola chache au zaidi ya dola 100 kwa kichupa kimoja.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona hivi vitu (na wengi wetu tumezaliwa redio zikiwa za transista tayari), valvu ni kichupa kilichonyonywa hewa yote. Ndani kuna waya unaopata moto, ambao unapasha kijibomba kinachotoa elektroni. Elektroni zinavutwa na bamba la chuma lililo pembeni. Katikati kuna kichujio cha nyaya, gridi, na umeme kidogo sana ukiwekwa kwenye gridi unatawala umeme mkubwa unaokwenda kwenye bamba. Hiyo ndiyo siri yote ya kukuza sauti. John Ambrose Fleming alipata hataza ya valvu ya kwanza Uingereza mwaka 1904, lakini yake haikuwa na gridi. Lee de Forest wa Marekani aliiongeza miaka miwili baadaye, kisha watu hao wawili wakashikana mahakamani kwa miaka mingi. Hadithi ya kesi hiyo ni ndefu, tuiache.

Tunayoizungumzia leo, 12AX7, ilitolewa na RCA mwaka 1947. Angalia mwaka huo vizuri. Desemba ya mwaka huohuo, katika maabara za Bell, John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kufanya transista ifanye kazi. Yaani valvu iliyopendwa kuliko zote kwenye amplifaya ilizaliwa mwaka mmoja na kitu kilichokuja kuiua! Lakini haikufa. Kichupa kimoja kina valvu mbili ndani, na kila moja inaweza kukuza takriban mara 100, hivyo mafundi waliipenda kwa kazi ya priampu, yaani ile hatua ya kwanza inayopokea sauti ndogo kabla ya amplifaya kubwa. Priampu ya Marantz 7, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo mpaka leo watu wanaiiga, ina vichupa sita vya aina hii.

Majina ndiyo yanayochanganya wengi. Wamarekani wanaita 12AX7, ambapo 12 ni volti za kupashia moto, takriban. Wazungu wa Ulaya wanaita ECC83: E ni volti 6.3, C ni valvu ya aina ya triodi, na C mbili maana yake zimo mbili. Usishangae kuona volti 12 na volti 6 kwa kitu kilekile. Waya wa moto umegawanyika katikati, unaweza kuunganishwa kwa njia zote mbili. Jeshi la Uingereza nalo likawa na lake, CV4004, kwa toleo gumu zaidi. Vitu vyote hivyo vinaingia kwenye tundu moja.

Lakini 12AU7 nayo inaingia tundu hilohilo, pini kwa pini, na yenyewe inakuza kama mara 17 hadi 20 tu. 12AT7 ni mara 60. Ukichomeka yoyote kati ya hizo pale palipoundwa kwa 12AX7 utasikia sauti imepungua na utadhani valvu imechoka. Mbaya zaidi ni 6N2P ya Kirusi. Kwa kukuza inafanana sana na 12AX7, pini ni 9 zilezile, ila nyaya za moto zimepangwa tofauti kabisa. Kwenye tundu la volti 6 haitawaka, na kwenye tundu la volti 12 inaweza kuungua. Muuzaji anayekuambia "ni sawasawa tu" hajaisoma karatasi yake.

Turudi kwenye jina. Kwa nini RCA, kampuni iliyoibuni yenyewe, iuze za Mwingereza? Jibu ni biashara. Enzi hizo duka la redio lilitakiwa kuwa na mamia ya aina za valvu, na hakuna kiwanda kilichopata faida kwa kutengeneza kila aina. Kwa hiyo walikuwa wakiuziana kimyakimya. Wewe nipe hizi, mimi nikupe zile, kila mtu apige chapa yake. Juu ya hapo kulikuwa na Philips wa Uholanzi. Mullard ilianzishwa mwaka 1920 na Kapteni Stanley Mullard, lakini kufikia 1927 hisa zote zilikuwa mikononi mwa Philips. Kiwanda cha Blackburn kilifunguliwa 1938 chini ya mwamvuli huo. Baadaye Philips wakaichukua Amperex ya New York pia, na ndiyo maana zile Amperex zenye katuni ya kivalvu kinachopuliza tarumbeta, ambazo Wamarekani wanazililia, nyingi zilitengenezwa Heerlen, Uholanzi. Alama ya Heerlen ni pembetatu.

Kwa kuwa Philips walikuwa na viwanda nchi nyingi, walihitaji kujua valvu mbovu imetoka kiwanda gani na wiki gani. Zile alama za kijivu zilikuwa za mhasibu na mkaguzi. Hazikuandikwa kwa ajili ya mimi na wewe, na kwa maoni yangu ndiyo maana tunaweza kuziamini kuliko jina kubwa la ubavuni. Jina la ubavuni liliandikwa ili linunuliwe.

Wamarekani nao walikuwa na namba zao. Kila kiwanda kilipewa tarakimu tatu: 274 ni RCA, 188 ni General Electric, 312 ni Sylvania, 322 ni Tung-Sol, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa hiyo ukiona kichupa chenye jina la kampuni ya ogani au vipimo vya maabara, halafu kina 322, umepata Tung-Sol.

Wajerumani wa Telefunken walikuwa wajanja kuliko wote. Kwenye kitako, katikati ya pini, kioo chenyewe kimefinyangwa umbo la almasi. Rangi inafutika kwa kidole chenye mafuta, na tapeli mwenye mhuri anaweza kuiandika upya usiku mmoja, lakini kufinyanga kioo upya ni kazi nyingine. Kichupa kilichoandikwa Telefunken kisicho na almasi kilitoka kwingine.

Kama alama zote zimefutika unaangalia ndani. Je, mabamba ni marefu, kama milimita 17, au mafupi, kama 14? Yana mikunjo kama bati au ni laini? Mullard za miaka ya 1950 zilikuwa na mabamba marefu, baadaye yakafupishwa. Hapo ndipo ile "4" inapopata maana, kwa sababu alama peke yake haikuambii ni 1954, 1964 au 1974. Halafu kuna ule weupe wa fedha juu ya kichupa. Ni bariamu, iliyochomwa humo kiwandani ili ile mabaki ya hewa. Ikigeuka nyeupe kama chokaa, hewa imeingia, weka pembeni.

Na sauti je? Wapenzi wanasema Mullard ina joto, Telefunken ni safi. Mimi nasema sikiliza kelele kwanza. Sindano ya sahani ya santuri inatoa milivolti chache tu, hivyo mtetemo wowote ndani ya valvu unakuzwa pamoja na muziki. Gonga kichupa taratibu kwa penseli: kikilia kama kengele kwenye spika, jina lake lolote lile halitakusaidia. Mabamba marefu yana tabia hiyo zaidi, na hapa umaarufu na ubora havitembei pamoja.

Viwanda vya zamani vimefungwa karibu vyote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mike Matthews, mwasisi wa Electro-Harmonix ya New York, alikinunua kiwanda cha Saratov, Urusi, na kampuni yake ikajipatia pia haki za majina ya zamani, Tung-Sol na Mullard yakiwemo. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kuzuia bidhaa kadhaa zisitoke, wapiga gitaa wa Marekani waliamka na kukuta valvu zimekwama. Ndipo baadhi yao walipogundua Mullard yao inatoka wapi. Baadaye mzigo ukaanza tena kutoka. Boksi lake ni la kupendeza, na maandishi yanafuata yale ya zamani. Ila herufi B haimo.